Dar–Morogoro kila Ijumaa: basi au treni ya SGR?

Nafanya kazi eneo la Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mke wangu na watoto wako Morogoro, mitaa ya karibu na Msamvu. Ijumaa naenda, Jumapili jioni narudi. Treni ya umeme ya SGR, yaani reli ya kisasa, ilipoanza safari za Morogoro, Juni 14, 2024, niliangalia nauli ya daraja la kawaida, shilingi 13,000, nikajisemea basi la 10,000 linanitosha.

Hesabu ile ilinidanganya, maana basi halinikuti Posta. Liko stendi ya Mbezi. Kufika huko ni basi la mwendokasi hadi Kimara, 750, halafu daladala, 600, na Ijumaa jioni hapo tu muda wa saa moja na nusu umeshakatika, umesimama begi likiwa miguuni. Bado foleni ya Kibaha, mizani ya Vigwaza, na malori mpaka Chalinze. Nikitoka ofisini saa kumi, nagonga mlango saa nne usiku. Kuna siku ya mvua basi liliharibika njiani, nikafika saa saba. Kitinda mimba wangu nilimkuta kalala kwenye kochi na viatu vyake. Alikataa kwenda kitandani mpaka baba afike. Ile picha ndiyo iliyonihamisha.

Stesheni ya SGR Dar iko mjini, naenda kwa miguu. Ukishapita Pugu, namba ya mwendo kwenye skrini ya behewa inapanda hadi kilomita 160 kwa saa, na chai yako kwenye kikombe imetulia. Njiani hazifiki saa mbili. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, kwa hiyo kuna bajaji ya 4,000, wakati kutoka stendi ya Msamvu nilikuwa nalipa boda 2,000.

Jumla basi 13,350, treni 17,000. Kwa 3,650 ya ziada nakuta watoto wako macho, tunakula pamoja. Mimi nailipa bila kusita.

Ila tiketi ya Ijumaa usiingoje Ijumaa. Mimi nakata mtandaoni Jumanne, nabeba kitambulisho, na nawahi, kwa sababu lango hufungwa kabla ya treni kuondoka.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, nikiwa na gunia la mchele la kurudi nalo Dar, napanda basi. Mizigo ya treni ina kikomo, na konda wa basi gunia analipokea bila maneno mengi.