Jeli ya vidonda vya sukari: kikavu sawa, kinachotoa maji achana nayo

Wale mnaouguza watu wa sukari hapa Dodoma, hii jeli ya kwenye tyubu, hidrojeli wanaiita, tumeitumia kwa baba mdogo mwenye kidonda cha unyayo na naipa nyota nne, hiyo ya tano nimeikata kwa sababu ya bei na vile inavyouzwa.

Kidonda chake kilikuwa kikavu, juu kina ule utando wa njano uliogoma kutoka, na gozi kavu, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, kila ikibanduliwa inaondoka na nyama mpya damu hizoo. Sasa jeli karibu yote ni maji, inalainisha ule utando mpaka unaachia wenyewe nesi akisafisha kwa maji ya chumvi, na gozi haigandi tena. Na upepo wetu huu wa kiangazi unapasua midomo ya watu wazima na afya zao, sembuse kidonda! Wazee wanaong'ang'ania kiachwe wazi kikauke, jamani, tangu 1962 mtafiti mmoja wa Uingereza, George Winter, alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kinaota ngozi haraka kuliko kilichoachwa wazi.

Ila muuzaji wa duka moja la dawa mjini alituambia eti inaponya kidonda chochote. Si kweli. Kinachotoa maji mengi ukikipaka hii jeli, ngozi ya pembeni inakuwa nyeupe, inaharibika, hicho kinataka dresingi ya kunyonya hayo maji. Kidole kikavu cheusi ndo usikiguse kabisa, nenda hospitali wapime kama damu inafika mguuni. Usaha, harufu, wekundu unaopanda, homa, hiyo nayo siyo kazi ya jeli, wahi kwa daktari.

Afu mguu wenye ganzi haumwi, kwa hiyo mzee anakanyaga tu, anadandia bodaboda mpaka Kizota kucheza bao, na sisi huku tunapaka jeli tunashangaa kidonda hakisogei! Alipopewa kiatu cha kupunguza uzito pale kwenye kidonda, na sukari ikashuka, ndo tukaanza kuona nyama nyekundu.

Bado utanunua gozi na bandeji za kufungia juu, na zetu zilikuwa tyubu za kutumia mara moja, ikibaki unatupa, inauma kweli. Saivi nachukua zile ndogo.