Deki ya CD ya Nyumbani: Anza na Jicho, Malizia na Masikio

Wengi wetu hununua deki kwa sura. Kioo kinang'aa, vitufe ni vya chuma, pesa inatoka. Mimi ya kwanza niliinunua hivyohivyo, na mwaka haukuisha kabla haijaanza kurukaruka. Nyimbo za mwanzo ilizipiga vizuri kabisa. Za mwisho ilizikatakata. Tangu hapo nikienda kununua deki naanza na jicho, yaani leza inayosoma sahani, pamoja na mota na reli zinazolisogeza. Sauti naisikiliza baadaye.

Kinyume na santuri, CD husomwa kuanzia karibu na tundu la katikati kwenda ukingoni. Mwanzoni sahani huzunguka kama mara 500 kwa dakika, ikifika ukingoni imeshuka hadi karibu 200. Sahani iliyopinda kidogo huchezacheza zaidi ukingoni, na huko ndiko jicho dhaifu au reli iliyochoka hujiumbua. Kwa hiyo nenda dukani na CD zako tatu. Ya kwanza iwe ndefu, zaidi ya dakika 70: ruka moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho uusikilize wote. Ya pili iwe na mikwaruzo midogo ya kawaida. CD imeundwa na hesabu za kurekebisha makosa, hivyo deki nzima, yaani isiyo na hitilafu, hupita juu ya mikwaruzo hiyo bila wewe kujua. Ya tatu iwe ya kuchoma kwenye kompyuta, kwa sababu hurudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani. Deki ikisitasita sana kabla ya kuonyesha idadi ya nyimbo, shaka yangu huangukia jicho.

Wakati inasoma, sogeza sikio karibu na kasha. Mvumo mwepesi si tatizo, ila mkwaruzo au mlio wa kugongagonga ni dalili mbaya. Fungua trei: itoke kwa utulivu, isitikisike kama jino bovu ukiigusa. Gonga kifuniko cha juu kwa kidole; bati jembamba hulia kama debe. Uzito nao usikudanganye. Transfoma kubwa ni uzito wenye maana, lakini kipande cha chuma kilichowekwa chini kutuliza mtetemo kinaweza kuwa kizito vilevile huku mtambo wa kusomea ukiwa wa plastiki tupu.

Sasa sauti. Tangu Sony walipoanza kuuza deki yao ya CDP-101 nchini Japani, Oktoba 1982, CD ni ileile: sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde (sampuli), na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za kompyuta (biti). Deki nzima ya leo hutoa masafa ya kuanzia hezi 20 hadi 20,000 karibu kwa usawa, na tofauti kati ya deki mbili nzima ni ndogo kuliko wauzaji wanavyosema. Spika zako zitabadilisha sauti kuliko deki yoyote. Mtego mkubwa ni ukubwa wa sauti. Kawaida deki hutoa kama volti 2. Inayotoa zaidi kidogo itasikika imejaa, na wewe utadhani ni bora. Sawazisha sauti kwanza, ndipo ulinganishe. Mimi husikiliza mambo mawili: kimya cha kati ya nyimbo, kisiwe na muungurumo wala mchachato, na noti ya piano inavyofifia hadi kuisha.

Kwa mpangilio wangu, namba moja ni deki mpya ya ukubwa kamili kutoka kwa watengenezaji wa vifaa vya muziki, mfano Marantz CD6007 au Yamaha CD-S303. Hiyo ya Marantz ina tundu la hedifoni lenye kitufe chake cha sauti, jambo ninalolipenda mno kwa usiku.

Namba mbili ni deki iliyotumika ya daraja la juu. Hapa unaweza kupata chuma cha kweli kwa bei ndogo, lakini ujue unanunua nini. Trei inayokwama mara nyingi ni mkanda wa mpira uliolegea, na fundi huubadilisha haraka. Jicho lililochoka ni habari nyingine: kwa deki nyingi za zamani jicho la asili halitengenezwi tena, na ya kuiga hayalingani ubora. Uliza namba ya jicho na uitafute kabla ya kulipa.

Namba tatu ni deki ya DVD yenye tundu la dijitali, ukiiunga na amplifaya inayogeuza dijitali kuwa sauti. Muziki utatoka safi. Kero yake ni kwamba nyingi hazina kioo cha kuonyesha wimbo, utalazimika kuwasha televisheni.

Seti ndogo yenye kila kitu ndani inafuata, kwa chumba cha kulala inatosha. Ila CD ikifa, mara nyingi seti nzima inabaki kuwa redio. Redio-kaseti ya kubeba yenye CD juu ni ya mwisho. Kifuniko chake hufunguka juu ya jicho, vumbi linatua palepale kwenye lenzi, kwa hiyo ukiwa nayo ifunge kila unapotoa sahani.