84 Lumber: Mbao Mikononi mwa Familia Moja

Joe Hardy alipoanzisha 84 Lumber, kampuni ya Marekani ya kuuza mbao, mwaka 1956 huko Eighty Four, kijiji cha Pennsylvania kilichoipa kampuni jina lake, aliuza kwa fedha taslimu na kumwachia mteja kazi ya kubeba mzigo wake, ili bei ya mbao ibaki chini. Bintiye Maggie ameiongoza tangu 1992, na kwa maoni yangu, kule kubaki mikononi mwa familia, bila hisa kuuzwa sokoni, ndiko kunakoipa sura yake. Fundi wa kwetu aliyezoea mbao zisizopigwa randa na aende na futikamba: mbili kwa nne ya Marekani, ikishakaushwa na kurandwa, hubaki inchi 1.5 kwa 3.5.