Televisheni kama mwajiri: kipime kituo kwa saa tatu kabla ya taarifa kuu

Wengi huomba kazi ya televisheni kwa sababu ya kiti cha msomaji habari. Kiti hicho ni kimoja. Ili taarifa ya nusu saa iende hewani, upande wa pili wa kioo anahitajika mwongozaji, mtu wa kubadilisha picha kutoka kamera moja hadi nyingine, fundi sauti, wa maandishi ya chini ya skrini, wa kusogeza telepromta (skrini ya maneno anayosoma msomaji), na mmoja ambaye kazi yake ni kuhesabu sekunde. Ajira nyingi ziko huko, na huko ndiko watu wanakodumu. Studio inayong'aa haisemi lolote kuhusu mwajiri. Zinazosema ni saa tatu za mwisho kabla ya taarifa kuu.

Saa hizo huanza kuharibika asubuhi. Kikao cha habari kikichelewa, gari moja likagawanywa kwa timu tatu, mwandishi hurudi jioni akiwa na picha za dakika 40 kwa stori ya dakika 2. Picha zihamishwe kwenye kompyuta, maneno yaandikwe, mhariri ayapitishe, sauti isomwe, kisha foleni ya chumba cha kuhariria. Stori ya namna hiyo, ikiwa na wahojiwa wawili, huchukua kama saa moja na nusu kuunganishwa, na hapo mwandishi awe amekuja na orodha inayoonyesha kila klipu iko dakika ya ngapi. Bila orodha, nusu saa inaishia kusaka. Sasa piga hesabu: waandishi 12, vyumba vya uhariri 3, saa 3. Zinatoka stori 6. Zilizobaki hukatwa ziwe picha fupi za kusomewa studio, na lawama anabebeshwa mwandishi. Kituo kikikuonyesha kamera mpya, uliza vyumba vya uhariri ni vingapi.

Uwanjani makosa ni yaleyale kila mahali. Kamera iliyopimwa rangi nyeupe juani (yaani kuonyeshwa kitu cheupe ili ijirekebishe kulingana na mwanga), ikiingizwa chini ya taa za balbu bila kupimwa upya, inatoa sura za rangi ya chungwa. Ukifanya kinyume, watu wanakuwa wa bluu. Mpiga picha asiyevaa hedifoni hasikii tai ya mhojiwa ikikwaruza maikrofoni ya kubana kifuani hadi afike ofisini, na mhojiwa ameshaondoka. Sekunde 30 za ukimya wa mahali, bila mtu kusema, zirekodiwe daima, kwa kuwa ndizo zinazoziba mashimo sauti inapokatwa. Kadi ya kamera isifutwe mpaka picha ziwe zimenakiliwa sehemu mbili. Kituo kizuri kina kabati la vifaa lenye daftari la kutoa na kurudisha, na betri zenye alama ya chaji. Kibovu kina mtu mmoja anayejua betri ziko wapi, na leo yuko likizo.

Uandishi nao una mtego wake. Kanuni ya kukadiria urefu wa stori kwa maneno 3 kwa sekunde imetoka kwenye Kiingereza. Kwa Kiswahili inakupotosha, maana neno letu moja hubeba kiima, wakati na kitendo kwa pamoja. Pima kwa kusoma kwa sauti ukiwa na saa. Jihadhari na tarakimu: 1,750,000 ni alama chache kwenye telepromta, lakini kinywani ni "milioni moja laki saba na hamsini elfu". Tarakimu tatu za aina hiyo kwenye aya moja zinatosha kuichelewesha taarifa.

Matangazo ya mubashara ndiyo hupandisha shinikizo la damu. Setilaiti ya matangazo iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, hivyo sauti kupanda na kushuka huchukua kama robo sekunde. Swali likienda na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo, ni nusu sekunde, kabla hata ya muda wa mitambo kubana na kufungua picha. Ndiyo maana mwandishi huonekana ameduwaa. Balaa kubwa zaidi ni fundi sauti kumrudishia mwandishi sauti yake mwenyewe sikioni: ataanza kugugumia, kwani ubongo unasikia maneno yaliyochelewa huku mdomo ukiendelea. Anachotakiwa kusikia ni studio yote isipokuwa yeye. Mabegi ya kurushia picha kwa laini kadhaa za simu ni mkombozi, ila kwenye umati hufa, kwa sababu kila mwenye simu pale anagombea minara ileile. Laini ziwe za kampuni tofauti, na ukipata waya wa intaneti jengoni, utumie huo.

Siku hizi stori ikishatoka hewani haijaisha. Hukatwa tena iwe ya wima kwa ajili ya simu, na kama mpiga picha aliwaweka wahojiwa wawili pembezoni mwa fremu ya mlalo ya 16:9, mmoja atapotea kwenye ya wima ya 9:16. Kazi hii huongezwa kimyakimya bila mtu wala saa kuongezwa. Hapo tunavipunguzia maksi vituo vingi.

Kuhusu mkataba: kama malipo ni kwa stori, sharti liandikwe nini kinalipwa stori iliyokamilika ikiondolewa dakika za mwisho. Liandikwe pia nani anagharamia kamera ikivunjwa kwenye vurugu, na wa zamu ya usiku anarudije nyumbani. Majibu ya mdomo hayahesabiki.

Kazi hii humfaa anayepata raha ya kumaliza kitu kila siku na kukisahau kesho yake. Anayependa kunoa sentensi wiki nzima atateseka. Kabla ya kusaini, omba kuketi chumba cha habari saa moja kabla ya taarifa. Hesabu stori zilizo tayari kwenye orodha ya mtiririko wa taarifa, kisha sikiliza kama anayepiga kelele ni mwongozaji peke yake au kila mtu.