Mafunzo ya ukaguzi wa barabarani kwa madereva wa trela, Tororo

Madereva wenzangu wa Malaba hadi Kampala, haya mafunzo ya Jumamosi kwenye yadi ya malori hapa Tororo nayapendekeza kwa moyo wote. Mwalimu ni fundi mzee wa breki, na haanzi na karatasi. Anakuingiza uvunguni mwa trela. Alituonyesha michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati ya gurudumu: ukiiona, shuku kwamba nati imelegea, hata kama kwa macho inaonekana imekaza. Kisha upepo wa breki ukijaa, anazima injini, mmoja anakanyaga breki na kushikilia, wengine kimya, mnasikiliza. Ukisikia upepo unatoka kwenye mpira wa breki wa nyuma, hamwendi popote mpaka panapovuja papatikane. Trafiki atakusimamisha kwa hilo, sawa, lakini mteremko hausimamishi mtu.

Mizani pia aliieleza vizuri. Kikomo cha juu kabisa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa gari na mzigo wake, ila kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, ina kikomo chake. Mzigo uliorundikwa nyuma unakukamatisha hata jumla ikiwa sawa.

Leseni, bima na hati za forodha walizipitia haraka mno. Na utingo hawapokelewi, jambo linaloniudhi kweli, maana ndio wanaozunguka gari kila alfajiri. Wapokelewe! Pembetatu za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto njoo na vya gari lako, mwalimu atavikagua.