Gongo jepesi la hoki kwa watoto: limekatika shingoni, muuzaji kanijibu jeuri

Gongo la kompoziti, yaani la nyuzi zilizogandishwa kwa gundi badala ya mbao, inchi 34, la vijana wa miaka kumi hadi kumi na mbili, limekuja Mbeya kwa basi kutoka Dar. Lilipofika lilinifurahisha kweli. Leo sitaki hata kuliona.

Vidole vinne juu ya kichwa, ile ncha iliyopinda ya kupigia mpira, pale shingo inapoanza kukunja, ulitokea ufa mwembamba kama unywele chini ya rangi. Ukibonyeza kwa dole gumba unasikia kwi, kwi. Mazoezi mawili baadaye likakatika. Nilipochungulia ndani nikakuta nyuzi za faibaglasi nyeupe, kavu, zinachambuka kama katani. Nyuzi zilizolowa gundi vizuri hazichambuki hivyo, zinashikana na ncha zake huwa ngumu kama kucha. Zikiwa kavu, ujue huko kiwandani gundi haikuzifikia, na kila pigo linaachanisha matabaka kidogo kidogo. Mtoto hana kosa hapo.

Nikampigia muuzaji. "Kwani huko Mbeya mnacheza hoki au mnalima?" Ndivyo alivyonijibu, halafu akasema mtoto kapiga jiwe. Jiwe linaacha kidonda kichwani au ukingoni, haliwezi kuanzisha ufa shingoni kutokea ndani! Nikamtumia picha. Akaziona, kimya. Nchi hii ilipeleka timu ya wanaume ya hoki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, halafu mtu anayeishi kwa kuuza magongo anatucheka.

Basi kabla hujatoa hela, chukua sarafu uligonge kuanzia mshikio hadi kichwani. Sauti iwe kavu na kali. Ikizibika ghafla sehemu moja, hapo matabaka yameachana, rudisha. Kisha lipime kwenye mizani ya jikoni. Langu liliandikwa gramu 480, mizani ikasoma 565. Usikubali kuambiwa "lipo ndani ya sheria", maana sheria ya hoki inaruhusu hadi gramu 737 na haitofautishi mkono wa mtoto na wa mtu mzima. Kwa umri huu mimi sivuki 530. Likizidi hapo, mtoto analiburuza, kiwiko kinaanguka, na kugeuza gongo haraka kunamshinda.

Urefu upime akiwa amevaa viatu vya kuchezea: kichwa chini, ncha ya mshikio ifike kwenye mfupa wa nyonga. Wazazi wengi wanataka refu ili akue nalo. Jamani, msifanye hivyo. Mtoto anasimama wima badala ya kuinama, na gongo linakwama ardhini kabla ya kufika kwenye mpira.

Kaboni, zile nyuzi za kulikakamaza gongo, isiwashughulishe, asilimia tano hadi kumi inamtosha mtoto, hata bila kabisa. Ikiwa nyingi gongo linakakamaa, mpira unadunda na kutoroka, na asubuhi za baridi za Juni viganja vinawaka. Mpindo mkubwa, pale mwili wa gongo unapojikunja zaidi, uwe katikati. Ukikaa chini karibu na kichwa, mpira wa anayejifunza unaruka juu, hatari kwa magoti na meno ya wenzake.

Lakini haki yake nilipe. Lilipokuwa zima, kwa kupokea mpira lilikuwa laini kuliko la mbao. Mpira unafika kwa kasi, unatulia pale pale. Vijana waligombania kulishika, na nilikuwa tayari kulipa nyota nne.

Kwa viwanja vyetu vya changarawe, zungushia utepe wa umeme sehemu ya chini ya kichwa tangu siku ya kwanza, maana rangi ikishaliwa, maji yanaingia kwenye nyuzi. Tabaka moja au mawili tu, lililolala sawasawa, kisha hakikisha gongo bado linapita kwenye pete yenye upana wa milimita 51 ndani, kama sheria inavyotaka. Pete unaweza kuikata mwenyewe kwenye kadibodi ngumu.

Nilikuwa nimalizie kwa kusema ningenunua tena aina hii kwa muuzaji mwingine, pengine ndiyo. Ila nikikumbuka lile swali la kulima, nyota nne zinabaki moja, na hiyo moja ni ya kiwanda kwa ule ulaini tu. Hela haijarudi, na vijana wanapokezana magongo mawili ya mbao.