Kuimaliza nchi kwa miguu: Uingereza au New Zealand?

Kutoka Land's End, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, hadi John o' Groats huko juu Uskoti ni karibu kilomita 1,400 ukifuata barabara. Ukipita vijia vya watembeaji zinaongezeka sana, na njia moja rasmi hakuna: unaunga mwenyewe vijia vilivyopo, Pennine Way hapa, West Highland Way pale. Njia ya Te Araroa ya New Zealand, iliyofunguliwa 2011, imeshachorwa yote, kilomita kama 3,000 toka Cape Reinga kaskazini hadi Bluff kusini, na katikati unapanda feri kuvuka mlangobahari wa Cook.

Tofauti kubwa ni maji. Uingereza mito ina madaraja. Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, mito mingi unaivuka kwa kuingia majini, na mvua ikinyesha usiku kucha huendi popote mpaka yapungue. Mito ya Rakaia na Rangitata hata haihesabiwi kuwa sehemu ya njia. Watu huizunguka kwa gari. Asiyejua kuusoma mto asianzie huko, labda awe na mwenzake anayejua.

Chakula? Uingereza maduka hayapo mbali, ila malazi ni ghali, na ruhusa ya kupiga hema porini ni Uskoti zaidi kuliko kusini. New Zealand utabeba chakula cha siku kadhaa, lakini milimani kuna vibanda vya serikali vya bei nafuu. Usubi utakung'ata kote.

Mimi ningeanza na Uingereza, mwezi Aprili, nikielekea kaskazini ili jua liwe mgongoni.